Kondoo wa Shimo la Saba

Nina miaka arobaini na tatu, sina mume, sina mtoto, na mpaka hivi karibuni nilikuwa na uwanja mzima wa gofu. Najua unacheka. Cheka tu! Hata mimi nilikuwa nikicheka hivyo hivyo, tena kwa sauti ya kurusha kunguru wote wa Majengo, pale Nyeri nilikozaliwa. Lakini ukimaliza kucheka, vuta kiti, nikueleze jinsi mtu mzima mwenye cheti cha kidato cha nne anavyoweza kuibiwa huku akipiga makofi.

Uwanja haukuwa wa kurithi. Kwetu hatujawahi kurithi hata mche wa sukuma wiki. Mama alinilea katika chumba cha kupanga karibu na msikiti, akiuza githeri, mahindi na maharage ya kuchemsha, kwa vikombe, na alipofariki nikabaki na dada yake, Tata Wangui. Shamba nililiona nikiwa njiani kwenda kwingine. Sijawahi kuwa na jirani wa kugombania naye mpaka, isipokuwa yule wa chumba cha pili tuliyegombania naye kamba ya kuanikia nguo. Ukumbuke hilo, kwa sababu ndilo lililonimaliza.

Uwanja ulikuwa mali ya mji. Ni mji mdogo kati ya Nyeri na Nanyuki, na sitautaja jina kwa sababu bado naona aibu kukutana na watu wake. Niliingia pale kama mpishi wa chai na samosa za wachezaji. Jioni nilisoma darasa la watu wazima, mimi na akina mama wenzangu, tukiwa tumekunjwa kwenye madawati ya watoto mpaka magoti yanagusa kidevu. Nikafaulu! Si alama za kutangazwa redioni, lakini nilifaulu.

Basi meneja wa zamani alipostaafu, ofisi ya mji ilitafuta mwingine, na kila aliyeonyeshwa bajeti ya uwanja alikumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa nyumbani. Nikabaki mimi. Hivyo ndivyo mpishi wa samosa alivyokuwa meneja wa gofu.

Bajeti yenyewe, ndugu zangu… ingekuwa blanketi, ingefunika kidole gumba tu, tena kwa zamu. Bendera za mashimo nilizishona kwa sweta kuukuu za shule. Ndani ya mashimo nilitia mikebe ya mafuta ya kupikia, na mpira ukiingia ulilia kama kengele ya kanisa. Jumamosi niliwakodishia maharusi nyasi zetu wapigie picha, na pesa zao zilinunua dizeli ya trekta ya kukatia nyasi. Trekta hiyo iliuona Mlima Kenya ukizaliwa. Ikikohoa, watu wa Nanyuki walianua nguo wakidhani ni radi.

Lakini niliupenda uwanja ule. Mwalimu mmoja mstaafu aliniambia kwamba grini zetu, yaani zile duara laini zenye shimo na bendera, zilikuwa laini kuliko zulia la nyumba yake. Nilitembea wiki nzima kama mtu aliyemeza jua.

Siri ya grini zile ilikuwa maji. Chini ya shimo la saba, katika kichaka, kulikuwa na chemchemi isiyokauka hata mwezi wa pili. Bila chemchemi hakuna grini, na bila grini hakuna gofu. Yanabaki malisho. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu… na bado!

Siku moja trekta ikafa. Fundi aliitazama, akavua kofia, akasema pole. Ofisi nayo ikasema nisubiri bajeti mpya. Nyasi hazikusubiri. Mvua ilinyesha, nyasi zikafika magotini, wachezaji wakaanza kupoteza mipira, na yule mwalimu mstaafu karibu apoteze kiatu.

Ndipo akaja Baba Ciru.

Alikuwa jirani yetu wa upande wa chini, ng'ambo ya kichaka cha chemchemi. Mzaliwa wa Endarasha, mjane, binti yake Ciru ameolewa mbali. Alikuwa mtu wa maneno machache, anayeomba hata kabla ya kunywa chai. Mimi ninayeongea kwa niaba ya watu kumi nilidhani kila anayenyamaza ana hekima.

Alisimama mlangoni mwa jikoni langu, kofia mkononi. "Mama Gofu," akasema, "mimi niko na kondoo, wewe uko na nyasi. Shida iko wapi?"

Hakukuwa na shida! Kondoo wake waliingia alfajiri, wakatoka wachezaji walipofika. Walikata nyasi kuliko trekta, na hawakukohoa. Wakanenepa, akawauza kwa wafanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki, akaleta wengine. Ofisini nilisifiwa kwenye mkutano. Mkubwa wangu aliwaambia wenzake waje kwangu wajifunze kubana matumizi. Moyo wangu ulipanuka ukashindwa kupita mlangoni.

Kisha kuni za jikoni zikaisha. Baba Ciru akatazama mikaratusi iliyokuwa imejipanga mstari chini kabisa, kati ya kichaka chetu na shamba lake. Akasema hii miti ni mizee, itaangukia mtu, na afadhali aikate anipasulie kuni bure. Nikasema akate. Tulipika kwa kuni zile miezi na miezi. Kila nilipoinjika sufuria nilimbariki.

Sikujua ninachemsha chai kwa mpaka wa mji.

Mapenzi yaliingiaje? Polepole, kama maji kwenye kiatu. Alianza kuniletea maziwa, kisha viazi, kisha akaanza kukaa baada ya chai kwisha. Kila Jumamosi nilikuwa nikiwapanga maharusi wa watu juani, nikiwanyooshea mashela, na sasa nikaanza kujiona mimi ndani ya shela. Tata Wangui sikumwambia neno. Tata ana maswali mengi kuliko mtihani wa serikali, nikaona nitamwambia mambo yakiwa tayari. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi, na jembe nililishika mwenyewe.

Sasa sikiliza habari ya vijiti. Katika gofu kuna mstari wa nje. Mpira ukiuvuka umepotea, na mchezaji anaadhibiwa. Mstari wetu ulikuwa wa vijiti vyeupe, vilivyopita upande wa juu wa kile kichaka cha chemchemi, kwa sababu hatukutaka watu washuke kule kukanyaga maji. Ardhi ya kule chini ilikuwa bado yetu. Mstari ulikuwa wa mpira tu!

Vijiti viliibwa. Vikauke, vipakwe rangi, vipigwe msumari, vitaibwa tu, vikawashe jiko la mtu. Wachezaji wakaanza kubishana mpira uko ndani au nje, na siku moja wazee wawili wenye wajukuu karibu watwangane kwa fimbo za gofu. Ofisi ikakataa kununua vijiti vingine.

Nilimlalamikia Baba Ciru. Akanywa chai yake yote kwanza.

"Panda itoka," akasema.

Kwa asiyejua, itoka ni ua kama yungiyungi, jeupe lenye mistari ya waridi. Watu wetu wa Gikuyu hulipanda kwenye mipaka ya mashamba tangu zamani, na hakuna anayeling'oa, kwa kuwa anayeng'oa itoka anajitakia laana. Hayo niliyajua hata mimi mtoto wa Majengo, kama unavyojua hadithi za fisi. Nikaona ni akili ya ajabu! Kijiti kinaibwa, itoka haiibwi. Itoka ni bure. Itoka inachanua. Na ni mwanamume gani mwingine kaunti hii nzima aliyewahi kumletea mwanamke maua kwa magunia?

Nikamuuliza tupande wapi. Akasema tufuate mstari wangu wa vijiti, yeye hataki kunichanganya. Nikasita kidogo. Nikamuuliza, sasa chemchemi itabaki huko nje?

"Chemchemi si mpira, Nyambura," akasema. "Itapotelea wapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu. Nikasahau swali.

Akaongeza kwamba siku ya kupanda atakuja na wazee wawili kutoka Endarasha, kwa sababu wanataka kuniona, na atachinja kondoo. Wazee! Kondoo! Wanataka kuniona! Niliteremka Nyeri nikasukwa nywele, nikanunua rinda la manjano linaloonekana mpaka Embu. Ofisini sikusema kitu. Nani huomba ruhusa ya kupanda maua?

Siku ikafika. Mmoja wa wazee alivaa koti refu, wa pili alitembea kwa mkongojo. Kondoo dume mnene, mwenye rangi moja mwili mzima, alichinjwa kando ya shimo la saba. Kisha tukaanza kupanda. Kwenye kila kishimo, yule mwenye koti aliniuliza, "Mama, ni hapa?" Nami nikajibu, "Ni hapo hapo, mzee." Baba Ciru na mimi tukashindilia udongo pamoja, mikono yetu ikigusana. Ukafika mwisho wa mstari nikiwa nimeshaolewa moyoni mwangu mara nyingi.

Yule wa mkongojo alikuja nyuma yetu akinyunyiza majani mabichi yaliyosagika, yaliyotoka tumboni mwa kondoo. Nikadhani ni mbolea! Katika somo la kilimo tulisoma mbolea ya ng'ombe, ya kuku na ya dukani. Ya tumboni mwa kondoo hatukusoma, nikasema moyoni, kumbe elimu haina mwisho.

Tukapigwa picha kwa simu, mimi katikati, meno yote nje. Tukala. Mzee wa mkongojo akanipa ubavu kwa mkono wake, akasema, "Sasa nyinyi ni majirani wa amani. Atakayevunja hii, shauri yake."

Majirani? Neno lilinikwaruza kidogo. Nikajiambia wazee wa Endarasha wana adabu ya kuzunguka, hawawezi kutamka ndoa wazi wazi mbele ya nyama. Nikacheka. Nikala ubavu ule mpaka mfupa ukang'aa.

Tena niliomba niongezewe.

Maua yalishika. Baba Ciru akaanza kupungua. Maziwa yakaja mara moja moja, kisha yakaja na mtu mwingine, kisha hayakuja. Kondoo wake hawakupanda tena juu kwetu. Walilisha kule chini tu, chini ya mstari wa itoka. Nikasema ana kazi nyingi. Nikasema anaweka akiba ya mahari. Mwanamke akiamua kujidanganya, hahitaji msaidizi!

Baadaye ikaja habari kwamba ardhi za mji zisizo na hati zitapimwa, na yetu ilikuwa moja. Nilifurahi. Mpima ardhi akaja na mitambo yake, mkubwa wangu akaja na viatu vya kung'aa, nami nikachemsha chai. Nikawateremsha mpaka kwenye mikaratusi, niwaonyeshe mwisho wa ardhi yetu.

Mikaratusi haikuwepo. Hilo nililijua, niliichoma jikoni mimi mwenyewe. Nilitegemea visiki. Hata visiki havikuwepo… vilikuwa vimeng'olewa, udongo umelainishwa, na viazi vimepandwa mpaka karibu na chemchemi.

Tukiwa tumesimama pale, akaja Baba Ciru amevaa suti, na wazee wake wawili nyuma. Aliwasalimu wote kwa mkono. Mimi pia alinisalimu, kama anavyomsalimu karani. Akasema mpaka wake na mji si huku kwenye viazi, mpaka uko juu, na umepandwa itoka kwa amani.

Mpima ardhi akaeleza kwamba kazi yake ni kupima mpaka anaoukuta ardhini, ambao majirani wanakubaliana. Akauliza itoka zile alizipanda nani.

Mzee wa koti akasema, "Muulizeni huyu mama."

Wakageuka wote. Mkubwa wangu alinitazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kujua jibu na anatumaini amekosea. Mkononi mwa Baba Ciru kulikuwa na simu, na ndani ya simu nilikuwa mimi, rinda la manjano, meno yote nje.

"Ni mimi," nikasema.

Nikajieleza. Nilieleza mpaka nikakauka mate. Nikasema ule ni mstari wa mpira, vijiti viliibwa, wachezaji walitaka kupigana. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Mzee wa koti alinisikiliza hadi mwisho, bila hasira.

"Mama," akasema, "kwa mambo ya mpira hakuna mtu huchinja kondoo. Tulikuuliza kila shimo. Ukasema ni hapo hapo."

Mstari ukapimwa. Kichaka kikaenda. Chemchemi ikaenda. Mkubwa wangu aliondoka bila kugusa chai.

Nilikimbilia Majengo kwa Tata Wangui, nikamweleza yote, hata rinda. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua uso. Akaniuliza kama kondoo alikuwa wa rangi moja. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama ya tumboni ilinyunyizwa. Nikasema ndiyo, nilidhani ni mbolea. Hapo akaiweka sinia chini.

"Hicho ni kiapo cha mpaka. Wazee wa uchumba huenda nyumbani kwa msichana," akasema. "Wanapokelewa na watu wake. Hao wako walikuja wapi? Kwa shimo ya saba?"

Nikaivuta sinia, nikaanza kuchambua mchele mimi.

"Ungeniita, ningekuja kwa magoti. Ningemuuliza swali moja tu huyo mzee wa koti. Moja tu, Nyambura."

Nililia mpaka jirani akaleta uji.

Bado nilikuwa na tumaini la kijinga. Nilimfuata Baba Ciru kwenye chemchemi, nikamkuta akisimamisha nguzo za uzio. Sikumuuliza habari ya ardhi. Aibu ilioje… nilimuuliza habari yangu! Nikamuuliza, na mimi je?

Aliendelea kushindilia nguzo. Kisha akaegemea jembe, akaniangalia kwa upole, upole ule ule wa siku zote.

"Mimi nilikuchinjia kondoo, Mama Gofu," akasema. "Nani mwingine amewahi kukuchinjia?"

Ndugu msomaji, kichwa changu kilitafuta kote. Hakuna mwingine. Alilijua hilo kabla hajaleta kondoo wa kwanza.

Yaliyofuata ni ya kuumiza. Ofisi ilisema itakata rufaa. Mpaka leo sijaona hata kisu. Baba Ciru alifunga pampu, akaweka tangi, akaanza kuuza maji kwa punda, na mteja wa kwanza aliyemfikiria ni sisi! Maji yetu wenyewe, yakirudi juu kwa mgongo wa punda. Bajeti haikuweza. Kiangazi kilipofika, grini ya shimo la saba ilianza kuwa ya njano, kisha ya kahawia, kisha ikapasuka kama kisigino. Nilibeba ndoo kutoka bomba la jikoni mpaka mabega yakavimba. Ni kama kumnywesha tembo kwa kijiko. Grini zikafa moja baada ya nyingine, nami nikizitazama.

Kabla sijaachishwa kazi, Jumamosi moja, lilikuja kundi la maharusi kupiga picha. Nikatoka na kitabu cha risiti. Bwana harusi alikuwa Baba Ciru. Bibi harusi alikuwa mwanamke wa makamo, mtaratibu, na pembeni yake walisimama shangazi zake wanne kama askari wa lango. Nilimwandikia risiti. Alilipa kama mtu yeyote. Mpiga picha akaniuliza, mama, wapi pazuri, nyasi zote zimekauka?

Pazuri palikuwa mahali pamoja tu. Itoka zilikuwa zimechanua mstari mzima.

Nikawaonyesha. Nikamnyooshea bibi harusi shela, kwa mazoea.

Leo nimerudi Majengo, nauza chai na samosa. Watu wananunua, maana mkono haujasahau. Bado nacheka, bado kunguru wananiogopa. Lakini juzi nilirudi kule. Uwanja ni malisho. Nilikuwa nimebeba jembe, na moyoni nilikuwa nimeapa kuzing'oa zile itoka zote nizichome. Nikasimama mbele ya ule mche wa kwanza. Hakuna hata mmoja uliokufa. Katika yote niliyohangaika kuyaotesha pale, hayo maua peke yake ndiyo yaliyoshika bila kumwagiliwa.

Nikainua jembe… nikashindwa. Ungeweza? Mimi nilikula kondoo yule. Nilikula na kuomba niongezewe.

Dada zangu, nawasihi, hasa ninyi mliokaa miaka mingi bila kuchinjiwa hata kuku. Siku mtu akikuletea kondoo, usikimbilie chumvi. Muulize, mbele ya watu wako, kondoo huyu ni wa nini. Na kama mapenzi yamekufunga mdomo, kama yalivyonifunga mimi, basi usiende peke yako. Mpeleke shangazi yako mwenye maswali mengi, hata kama atakuaibisha.

Afadhali akuaibishe yeye.